Panya Wasionenepa: Jibu Lilikuwa Kwenye Ngozi

Mkazi wa Mlandege, Iringa, hahitaji kuambiwa na mtu wa maabara kwamba ngozi hukauka Juni na Julai. Baridi ikishika, mtoto hatoki nje bila kupakwa mafuta. Lakini je, ngozi ikikosa mafuta inayojitengenezea yenyewe, unene wa mwili unaweza kubadilika? Sayansi ilichukua zaidi ya miaka 40 kulijibu swali hili, na mmoja wa waliolijibu ni jirani yetu wa Uganda.

Tuanzie 1965. Allen Gates na Marvin Karasek walieleza katika jarida la Science habari za panya waliozaliwa na kasoro: hawakuwa na tezi za mafuta kwenye ngozi. Panya hao wakaitwa asebia, yaani wasio na mafuta ya ngozi. Kwa miaka mingi wakaonekana ni kazi ya wataalamu wa ngozi tu.

Miaka ya 1980 ikielekea mwisho, James Ntambi, aliyesoma Makerere kabla ya kwenda Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akichunguza seli za mafuta. Humo akaeleza jeni ya kimeng'enya SCD1, kinachogeuza mafuta yanayoganda kuwa laini zaidi. Mwaka 1999 njia mbili zikakutana: kumbe kasoro ya asebia iko kwenye jeni hiyohiyo!

Mwaka 2002 Ntambi na wenzake, sasa wakiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba panya wasio na SCD1 wanakula zaidi ya wenzao lakini hawanenepi. Ini, ambalo ni kiwanda kikubwa cha mafuta mwilini, likashukiwa. Mwaka 2007 wakaizima jeni hiyo kwenye ini pekee, wakawapa panya chakula chenye mafuta mengi. Wakanenepa kama kawaida. Mwaka 2009 wakaizima kwenye ngozi pekee. Hao ndio hawakunenepa.

Kwa nini? Ngozi ni ukuta na ni koti. Mafuta yake yakiharibika, joto linavuja, na mwili unalazimika kuchoma chakula kingi ili kulifidia. Ni kama jiko la mkaa lililowekwa kwenye upepo: mkaa unaisha, sufuria bado haijachemka.

Sasa usikimbilie kusema dawa ya kupunguza unene imepatikana. Panya ana mwili mdogo, hivyo hupoteza joto haraka kuliko binadamu. Tena wembamba huo ana gharama nao: ngozi kavu, manyoya kunyonyoka, na panya aliyekosa SCD1 mwili mzima hushindwa kuhimili baridi kali.

Ila somo la historia linabaki. Wa ngozi walikuwa na panya wao, wa unene wakawa na jeni yao, kila mmoja na chumba chake. Jibu lilisubiri mpaka mlango wa katikati ulipofunguliwa.