NANI MWENYE SPANA? HISTORIA FUPI YA FUNDI WA PIKIPIKI ILULA

Katika kila hatua ya historia ya mwanadamu, swali la zana limekuwa ni swali la nani anamtegemea nani. Mkulima anayelima kwa jembe la kuazima hulima siku ile tu ambayo mwenye jembe ameridhia. Makada tumezoea kulizungumza jambo hili kwa kutaja viwanda vikubwa, reli na mitambo ya umeme. Makala hii inalitazama mahali padogo zaidi: chini ya mti, kando ya barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, katika mji mdogo wa Ilula, ambako kijana amefungua injini ya pikipiki kwa zana alizojitengenezea.

Msomaji aweza kuuliza: je, pikipiki nayo ni suala la nadharia? Tuanzie mbali kidogo.

Si mbali na Ilula ndipo ilipo Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yalikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, na Wahehe wakateka bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Ushindi ule tunausimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza swali linalofuata: risasi za bunduki zile zilitoka wapi? Zilitoka Ulaya, kama bunduki zenyewe. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, na mwandishi hadai kwamba risasi peke yake ndiyo sababu. Anachosema ni kwamba bunduki ya kuteka, ikiisha risasi au ikivunjika kitu ndani, hurudi kuwa rungu.

Na si kwamba watu wa nyanda hizi hawakujua chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, na kuyeyusha humo mawe ya chuma. Wakinga na Wapangwa wa milima ya Livingstone nao walikuwa wahunzi waliojulikana, na majembe yao yaliuzwa mbali. Ukoloni ulipoleta majembe ya bei rahisi kutoka viwanda vya Ulaya, matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Kufua kulibaki, yaani kupasha moto na kupiga nyundo chuma kilichokwisha kutengenezwa na wengine. Hapa ndipo fundi wetu wa leo anapotokea. Yeye ni mjukuu wa mhunzi aliyepokonywa tanuru akaachiwa nyundo.

Barabara nayo ina sehemu yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa kibaguzi, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mzigo ule ulipungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafuata. Lori linapokufa katikati ya pori halingoji fundi wa kampuni. Kwa maoni ya mwandishi, barabara hii ndiyo iliyokuwa chuo cha kwanza cha ufundi wa magari katika sehemu hizi, ingawa haikutoa cheti kwa mtu yeyote.

Azimio la Arusha la 1967 lilitamka kujitegemea. Mwaka 1972, hapo hapo Iringa, TANU ikatoa mwongozo wa Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mwaka 1975 ukaanza mkakati wa viwanda vya msingi. Huko Moshi kikajengwa kiwanda cha kutengeneza mashine za karakana kwa ushirikiano na Bulgaria. Mawazo haya yalikuwa sahihi: nchi isiyotengeneza mashine za kutengenezea mashine itanunua hata nati. Lakini lazima tuseme kweli. Mkakati uliiona karakana kubwa, ukamwona pia mkulima na jembe lake, na katikati yao ukamruka fundi wa kando ya barabara. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda mara mbili na baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu na vipuri vikawa bidhaa za ulanguzi. Ni fundi yule aliyerukwa ndiye aliyeendelea kuviendesha vyombo, kwa kukata gasketi kwenye boksi na kuchonga bushi kwenye vyuma chakavu. Mwaka 1984 milango ya kuagiza bidhaa ilipofunguliwa kidogo, na 1986 ikafunguliwa zaidi, vipuri vikarudi. Zana za kuvifungia hazikuja pamoja navyo.

Sasa tuifikie pikipiki yenyewe, maana humo mna mambo.

Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitengeneza pikipiki aina ya CG125, kwa ajili ya nchi ambako wanunuzi hubebesha chombo mizigo mizito na hawakipeleki kwa fundi mara kwa mara. Wahandisi waliuondoa mnyororo unaopeleka mwendo juu kwenye valvu, ambao hulegea na kudai uangalizi, wakaweka fimbo mbili za kusukuma valvu kutoka chini. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na katika miaka ya 2000 pikipiki zake zikaenea Tanzania nzima. Mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji zilizitambua bodaboda. Hivyo chombo anachopanda kijana wa Ilula kubeba magunia ya vitunguu na matenga ya nyanya kilibuniwa na mtu aliyemfikiria maskini, ila alimfikiria kama mtumiaji. Kifaa cha kufungulia nati ya klachi yake, yenye mapengo manne, hakikuwekwa katika mfuko wa spana unaokuja na pikipiki.

Fundi asiye na kifaa hicho hupiga nati kwa bisibisi na nyundo mpaka mapengo yanakwisha. Fundi aliyefikiri huchukua kipande cha bomba lenye kipenyo kinacholingana, akakata meno manne kwa msumeno wa chuma, akayanyoosha kwa tupa, kisha akachomelea nati kubwa upande wa pili ili spana ishike. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Sumaku ya pembeni pia huvutwa kwa bolti iliyochongwa, badala ya kugongwa na kupinda krenki.

Vipimo ni vivyo hivyo. Nafasi ya tepeti za CG125 injini ikiwa baridi ni milimita 0.08. Wembe mpya wa kawaida una unene wa takriban milimita 0.1. Akitumia wembe, fundi ataacha nafasi kubwa kidogo kuliko ya kiwanda. Injini itatoa kelele kidogo, na valvu itakuwa salama. Msumeno wa chuma una unene unaokaribia milimita 0.65, na plagi inataka pengo la kati ya 0.6 na 0.7. Kujua pistoni imefika juu, mrija wa plastiki huingizwa katika tundu la plagi huku sumaku ikizungushwa polepole kwa mkono, mpaka alama ya T inapolingana na tepeti zote mbili zinacheza. Zisipocheza, ni mzunguko usio wake, zungusha tena.

Mwandishi alijifunza jambo hili kwa gharama. Alipokuwa mkufunzi kijana alichukizwa na mlio wa tepeti za pikipiki yake, akazikaza mpaka kimya kikatawala. Alijiona fundi kwa wiki mbili. Valvu ya kutolea moshi, isiyopata tena nafasi ya kukaa vizuri na kupoza joto lake, iliungua ukingo. Injini ile ilikuwa imenyamaza kwa sababu ilikuwa inakufa.

Zaidi ya hayo kuna suala la mwinuko. Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipandishwa Kitonga mpaka nyanda za Iringa, penye mwinuko wa kama mita 1,500, inakuta hewa iliyopungua kwa takriban asilimia 15. Kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile. Plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, nguvu inapungua, mafuta yanakwisha kabla ya wakati. Dawa yake ni kuhamisha kipini cha sindano ya kabureta pengo moja juu, ili sindano ishuke, na kurekebisha skrubu ya hewa mpaka plagi itoke na rangi ya kahawia. Haigharimu hata senti. Lakini vijana wengi hufanya kinyume: hutoboa jeti kwa waya ili ipitishe petroli zaidi, wakiamini kwamba nguvu ni petroli. Tusiwasifu kwa kuwa tu wametumia mikono yao. Zana ya kujitengenezea isiyo na maarifa huharibu upesi kuliko kukosa zana.

Na anayeharibiwa ni nani? Wengi wa waendeshaji hawa hawamiliki pikipiki. Huingia mkataba: humpelekea tajiri fedha kila siku au kila wiki, kwa mwaka mmoja au zaidi, ndipo chombo kiwe chao. Matengenezo kwa kawaida ni juu ya mwendeshaji. Injini ikifa mwezi wa kumi, tajiri amekwisha kurudisha sehemu kubwa ya mtaji wake, na kijana amebaki na chuma na deni. Tofauti kati ya kumiliki na kutomiliki njia ya uzalishaji, ambayo tunaifundisha darasani kwa michoro, huko Ilula inaweza kuwa ni unene wa wembe.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza mwandishi kama basi kila mwendeshaji awe fundi. Hapana, mgawanyo wa kazi ni hatua ya maendeleo, wala hakuna ubaya fundi kulipwa. Lakini mwendeshaji anayejua kusoma rangi ya plagi hadanganywi kwamba ringi zimekwisha wakati kilichohitajika ni kugeuza skrubu.

Hivi sasa zimeanza kuingia pikipiki zisizo na kabureta, zinazopimiwa petroli na kompyuta ndogo, na nyingine zinazotumia betri bila petroli kabisa. Kosa lake husomwa kwa kifaa chenye waya na skrini. Fundi wa bomba lenye meno manne tayari anauliza kinauzwa wapi, na kama kinafunguka.