Mapinduzi ya Ufaransa na Suala la Lugha ya Taifa

Yanapotajwa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, aghalabu hukumbukwa kuanguka kwa Bastille na kuuawa kwa mfalme. Ni nadra kutajwa jambo linalotuhusu zaidi sisi wanalugha: kwamba ni katika mapinduzi hayo ndipo lugha aliyoisema mkulima nyumbani mwake ilipogeuzwa kuwa kipimo cha utiifu wake kwa dola. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mgeuko huo haukuzaliwa na uhuru wa 1789, bali na hofu ya 1793 na 1794.

Amri ya kifalme ya Villers-Cotterêts ya 1539 ilihusu lugha ya mahakama na hati. Haikumtaka Mbretoni aache Kibretoni chake. Bunge la mapinduzi nalo lilianza kwa upole. Tarehe 14 Januari 1790 liliamua kwamba sheria zake zitafsiriwe katika lugha mbalimbali za nchi.

Kisha vita vikaja. Aprili 1792 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria, na Machi 1793 wakulima wa Vendée wakaasi. Tarehe 27 Januari 1794 Barère aliwaambia wabunge kwamba Kibretoni, Kibaski, Kijerumani na Kiitalia vilikuwa vyombo vya ushirikina na vya maadui wa jamhuri. Tarehe 4 Juni kasisi Grégoire akasoma taarifa yake ya kutaka lahaja zifutwe. Alikadiria kwamba raia wasiopungua milioni 6 hawakukijua Kifaransa, na kwamba waliokisema barabara hawakuzidi milioni 3. Tarehe 20 Julai ikapitishwa sheria kwamba mtumishi wa serikali atakayeandika hati kwa lugha nyingine afukuzwe kazi na kufungwa miezi 6. Robespierre alianguka wiki moja baadaye, na Septemba sheria hiyo ikasimamishwa. Lakini fikra yenyewe haikufa.

Je, hofu hiyo ilikuwa na msingi? Ushahidi unaipinga. Waasi wa Vendée hawakusema Kibretoni wala Kibaski, bali lahaja iliyo jamaa ya karibu ya Kifaransa. Kwa upande mwingine, wimbo uliokuja kuwa wa taifa ulitungwa 1792 mjini Strasbourg, ambako wenyeji wengi walisema lahaja ya Kijerumani, ukavumishwa Paris na askari wa kujitolea kutoka Marseille, mji wa wasemaji wa Kiprovansi. Mipaka ya lugha, basi, haikuwa mipaka ya uaminifu.

Hata hivyo, Jamhuri ya Tatu iliirithi fikra ya 1794. Sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 ziliifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, na katika shule nyingi za Bretagne mtoto aliyenaswa akisema Kibretoni alivikwa kifaa cha aibu, akae nacho mpaka amnase mwenziwe. Msomaji aliyepitia shule zetu hahitaji kuelezwa zaidi. Ni mwaka 2008 tu ndipo katiba ya Ufaransa ilipozitambua lugha za majimbo kuwa urithi wa taifa, wakati wasemaji wengi wa Kibretoni walikuwa wamekwisha kuwa wazee.

Sisi tunaoitetea lugha ya taifa hatuna budi kulizingatia jambo hili. Lugha inayowaunganisha watu ni neema. Lakini hoja kwamba umoja haupatikani ila kwa kuzizika lugha nyingine haikutokana na uchunguzi wa lugha. Ilizuka vitani, na yafaa ihukumiwe hivyo.