Batebe wa Toro katika Utumishi wa Dola: Elizabeth Bagaaya, Jina la Kifalme na Utalii wa Ruwenzori

1. Utangulizi

Ng'ambo ya mto Semliki, ukitazama mashariki kutoka nyanda za Boga, kuna nchi ya Toro. Mpaka uliochorwa na wakoloni uliifanya nchi hiyo kuwa sehemu ya Uganda, na Boga kuwa sehemu ya Kongo, lakini haukukata mahusiano ya watu. Wahema wa kusini mwa Ituri husema lugha iliyo karibu sana na ile ya Banyoro na Batoro. Mwaka 1896 mwinjilisti Apolo Kivebulaya alivuka kutoka Toro akaja kuhubiri Boga, na kazi yake ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Kanisa la Kianglikana katika nchi yetu. Kwa hiyo, tunapoizungumzia historia ya Toro hatuzungumzii habari za mbali.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maisha ya utumishi ya mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme wa Toro, Elizabeth Bagaaya Akiiki, aliyekuwa mwanasheria, waziri na balozi. Swali letu ni hili: jina la kifalme humpa mwanamke nguvu gani ndani ya serikali ya kisasa, na serikali hiyo hulitumia jina hilo kwa faida ya nani? Swali hili linatufikisha kwenye suala la utalii, kwa sababu utalii nao ni biashara ya majina. Mgeni hununua safari kabla ya kuiona nchi. Anachokinunua kwanza ni sifa yake.

Jambo moja la lugha lielezwe mapema. Kwa kanuni ya Kiswahili tungeandika «Watoro», lakini neno hilo tayari lina maana ya watu waliotoroka. Tutabaki na umbo la wenyewe: Batoro.

2. Cheo cha Batebe

Ufalme wa Toro ulizaliwa mnamo 1830, Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alipojitenga na baba yake. Toro iliendeleza taratibu za Bunyoro, na mojawapo ilikuwa kwamba mfalme, yaani Omukama, hatawali peke yake. Anapotawazwa, dada yake mmoja hutawazwa pamoja naye na kupewa cheo cha Batebe. Batebe si mke wa mfalme wala si pambo la sherehe. Katika mapokeo ya Bunyoro yeye ndiye mkuu wa wanawake wote wa ukoo wa Babiito; alikuwa na ardhi yake na watu wake, aliamua magomvi na urithi miongoni mwa mabinti wa kifalme, na alikuwa mshauri ambaye mfalme hakuweza kumpuuza.

Mamlaka hayo yalikuwa na gharama. Zamani mabinti wa mfalme hawakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa, kwa kuwa ndoa ingewaweka chini ya mume, na watoto wao wangeweza kuleta ushindani. Heshima ya binti mfalme ilitegemea kutokuwa chini ya mwanamume yeyote isipokuwa mfalme mwenyewe. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili atakapofika kwenye mkasa wa mwaka 1974.

Hata jina la Akiiki lina historia. Ni *empaako*, jina la heshima na mapenzi ambalo kila Mtoro hupewa pamoja na jina lake la kawaida, na ambalo hutumika katika kusalimiana. Majina hayo ni machache, hayazidi kumi na mawili au karibu na hapo, na wanaisimu wengi huyahusisha na lugha za Kiluo, jamaa ya Kialur kinachosemwa Mahagi. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi ya empaako katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

3. Kutoka Kabarole hadi baraza la mawakili

Bagaaya alizaliwa mwaka 1936, binti wa Omukama Rukidi III. Alisoma Gayaza, shule ya wasichana iliyoko Buganda, kisha akapelekwa Uingereza katika shule ya Sherborne, alikokuwa mwanafunzi pekee mweusi. Kutoka hapo aliingia chuo cha Girton, Cambridge, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru. Mwaka 1965 alikubaliwa katika baraza la mawakili wa Uingereza, na akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia daraja hilo.

Mwaka huo huo baba yake alifariki. Ndugu yake Patrick Kaboyo alitawazwa mwaka 1966 kwa jina la Olimi III, naye Elizabeth akawekwa kuwa Batebe. Lakini cheo hicho hakikudumu. Katiba ya mwaka 1967, chini ya Milton Obote, ilifuta falme zote za Uganda. Katika muda wa miaka miwili binti huyu alikuwa amepata daraja la juu la sheria ya Kiingereza na daraja la juu la mila ya Toro, kisha la pili likafutwa kwa kalamu.

Alichokifanya baadaye kiliwashangaza wengi. Mwaka 1967 alialikwa London kuonyesha mavazi katika hafla ya hisani ya Jumuiya ya Madola, na kutoka hapo akawa mwonyesha mitindo maarufu London na New York. Mwaka 1969 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Harper's Bazaar, wakati nyuso nyeusi zilipokuwa adimu mno kwenye majalada ya namna hiyo. Aliigiza pia katika filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Wako waliouona mwenendo huu kuwa haumstahili Batebe. Sisi tunauona kwa namna nyingine: ufalme uliofutwa nyumbani uliendelea kuonekana ulimwenguni katika umbo la mtu mmoja. Magazeti yaliyomtaja yaliitaja Toro, na wasomaji ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo walilisikia kwa mara ya kwanza.

4. Mwaka wa uwaziri

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa utawala. Wasomaji wa Aru na Ariwara wanawafahamu Wakakwa, kabila lake, kwa kuwa ni majirani na ndugu, na wazee wanakumbuka jinsi maelfu ya watu wa West Nile walivyovuka mpaka na kukimbilia kwetu baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979. Lakini mwanzoni mwa utawala huo watu wengi wa falme za zamani walikuwa na matumaini, kwa sababu aliyeondolewa ndiye aliyewavunjia viti vyao.

Bagaaya alirudi, akateuliwa mwaka 1971 kuwa balozi wa kuzunguka, asiye na kituo kimoja. Februari 1974 alifanywa Waziri wa Mambo ya Nje, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo nchini Uganda. Ni lazima kusema alirithi kiti cha nani. Mtangulizi wake, Michael Ondoga, aliondolewa kazini, na mwezi uliofuata maiti yake ilionekana katika mto Naili.

Mwaka huo alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuitetea serikali yake. Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Wakati huo Waasia walikuwa wamekwisha kufukuzwa, tangu mwaka 1972, na watu wengi wa Uganda walikuwa wamepotea bila makaburi. Waziri mwenye elimu ya Cambridge na jina la kifalme aliipa serikali hiyo sura ambayo matendo yake yenyewe yasingeweza kuipa. Anayeandika historia yake kwa kumsifu tu anaiacha nusu ya habari.

Nusu ya pili ilifuata upesi. Novemba 1974 Amin alimfukuza kazi na kutangaza hadharani kwamba waziri wake alikuwa amefanya jambo la aibu na mwanamume katika uwanja wa ndege wa Paris. Shutuma hiyo haikuwa na ushahidi. Magazeti ya Uingereza yaliyoichapisha yalishtakiwa mahakamani, naye akashinda. Tuangalie aina ya silaha iliyochaguliwa. Waziri wa kiume aliuawa. Waziri wa kike alivunjiwa heshima ya mwili wake. Na kwa kuwa alikuwa Batebe, mtu ambaye mila ilimweka nje ya mamlaka ya wanaume, tusi lile lililenga cheo pamoja na mtu. Alizuiliwa nyumbani, na mwanzoni mwa mwaka 1975 akatoroka kupitia Kenya.

5. Ubalozi na kurudi kwa kiti

Alirudi baada ya Amin kuanguka, akaondoka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote. Yoweri Museveni alipoingia madarakani Januari 1986, Bagaaya aliteuliwa kuwa balozi nchini Marekani, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1988. Desemba 1986 mume wake, Wilberforce Nyabongo, mhandisi na rubani, alikufa katika ajali ya ndege huko Casablanca. Miaka ya baadaye aliiwakilisha Uganda Ujerumani, Vatikani na Nijeria.

Kazi ya Washington ilikuwa kinyume cha ile ya mwaka 1974, ingawa kwa nje zilifanana. Mara zote mbili aliiuza sura ya Uganda kwa wageni. Tofauti haikuwa katika ufasaha wake, bali katika nchi iliyokuwa nyuma ya maneno.

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na Olimi III akatawazwa upya. Alifariki mwaka 1995, na mwanawe Oyo Nyimba, mwenye umri wa miaka mitatu, akakalia kiti. Batebe wa mfalme aliyefariki akawa miongoni mwa walezi wa mfalme mtoto. Katiba ya mwaka 1995 iliwatambua viongozi wa jadi, lakini ikawakataza siasa za vyama na ikawanyima mamlaka ya utawala na ya kutunga sheria. Ufalme ulioachiwa utamaduni peke yake hutafuta kazi ndani ya utamaduni. Hapo ndipo utalii ulipoingia.

6. Majina ya malkia katika ramani ya utalii

Tazama majina ambayo mtalii huyakuta katika nchi hizi. Kilele cha juu cha Ruwenzori, chenye mita 5,109, kiko juu ya mpaka wa Kongo na Uganda, na kinaitwa Margherita, kwa jina la malkia wa Italia, tangu safari ya mtawala wa Abruzzi mwaka 1906. Kilele jirani kinaitwa Alexandra, kwa jina la malkia wa Uingereza. Hifadhi ya tambarare zilizo chini, iliyofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ilipewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya mwaka 1954. Amin aliiita Ruwenzori, na mwaka 1973 Ziwa Edward likapewa jina lake mwenyewe. Ziwa Albert nalo lilichukua jina la Mobutu. Majina hayo ya watawala wawili yaliondoka pamoja nao. Ya malkia wa Ulaya yamebaki.

Malkia wa nchi yenyewe yuko wapi? Karibu na Fort Portal kuna mapango ya Amabere ga Nyinamwiru, maana yake matiti ya Nyinamwiru. Masimulizi husema kwamba mfalme Bukuku alimkata binti yake matiti ili asipendwe na wanaume, na mawe yanayodondosha maji meupe ndiyo maziwa yake. Hata hivyo Nyinamwiru alimzaa Ndahura, shujaa wa Bacwezi. Wageni hulipa kiingilio kuyaona mawe hayo, na kuna makaburi ya wafalme huko Karambi, na kasri la Karuzika lililoporwa wakati wa vurugu na kujengwa upya mwanzoni mwa karne hii kwa msaada wa Muammar Gaddafi wa Libya. Julai 2020 Fort Portal ilipandishwa hadhi kuwa jiji, likikusudiwa kuwa jiji la utalii. Hifadhi za Kibale na Semuliki zilitangazwa mwaka 1993, na Milima ya Ruwenzori, hifadhi tangu 1991, iliingia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1994.

Lakini milima hiyo si ya Batoro peke yao. Wakaao kwenye miteremko yake ni Bakonzo, ndugu wa Banande wa upande wetu, pamoja na Baamba. Mwaka 1962 waliukataa ufalme wa Toro kwa sababu ya kudharauliwa, wakaanzisha Rwenzururu, na vita hivyo vilidumu hadi 1982. Serikali iliutambua ufalme wao mwaka 2009. Kwa Mkonzo, jina la kifalme ambalo kwa Mtoro ni fahari lilikuwa jina la kodi na matusi. Utalii unaouza ufalme mmoja na kuwaficha majirani wake hujengwa juu ya kidonda.

7. Hitimisho

Maisha ya Bagaaya yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, nguvu ya cheo cha jadi humfungulia mwanamke mlango wa dola, lakini haimlindi akishaingia. Kilichomsaidia mwaka 1975 ni sheria aliyojifunza na mahakama zilizokuwa huru, si kiti cha Batebe. Pili, sifa njema ya nchi haiwezi kuzalishwa na balozi mmoja, hata awe hodari namna gani. Mwaka 1997 hifadhi ya Ruwenzori ilifungwa kwa sababu ya waasi wa ADF, ikafunguliwa mwaka 2001. Na Oktoba 2023 watalii wawili na kiongozi wao waliuawa katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth.

Waasi hao hao wamewaua watu wa Irumu na Mambasa kwa miaka mingi sasa. Ituri ina Mlima Hoyo na mapango yake, ina hifadhi ya okapi ya Epulu iliyo katika orodha ya turathi za dunia tangu 1996, na mteremko wa magharibi wa Ruwenzori uko Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Hatukosi uzuri wala majina. Tunakosa barabara salama ya kumfikisha mgeni, na mwenyeji pia, kutoka Bunia hadi Beni. Kabla hatujamtafuta mtu wa kuinadi nchi yetu ughaibuni, tuulize kwanza kama mwanamke wa Komanda anaweza kwenda shambani akarudi.