Kituo cha Bir-Hakeim, Paris
Metro hapa hupita juu ya barabara, kwa sababu njia hii huvuka mto Seine darajani, si chini yake. Kituo kilifunguliwa mwaka 1906 kwa jina la Grenelle. Muundo wa vituo vya juu, wenye nguzo za chuma na vioo, ni wa msanifu Jean-Camille Formigé. Ni kazi nzuri, ingawa wasafiri wengi huipita wakikimbilia Mnara wa Eiffel.

Jina la sasa lilitolewa mwaka 1949. Bir-Hakeim ni mahali katika jangwa la Libya ambako, Mei na Juni 1942, askari wapatao 3,700 wa Ufaransa Huru chini ya Jenerali Pierre Koenig waliyazuia majeshi ya Rommel, jenerali wa Ujerumani, kwa takriban wiki mbili. Walikuwamo Waafrika kutoka Oubangui-Chari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hawatajwi kama wanavyostahili.

Lakini eneo hili lina kumbukumbu nyingine ya vita hivyo. Mwezi uliofuata, Julai 1942, Paris ikiwa imekaliwa na Wajerumani, polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi zaidi ya 13,000 wa Paris na vitongoji vyake. Wapatao 8,000, nusu yao watoto, walifungiwa katika Vélodrome d'Hiver, ukumbi wa mbio za baiskeli uliokuwa jirani na kituo hiki. Kutoka hapo walipelekwa kambini, na wengi wao wakauawa Auschwitz. Ukumbi ulibomolewa mwaka 1959.

Sanamu ya kuwakumbuka Wayahudi hao, iliyozinduliwa mwaka 1994, iko kando ya mto, mwendo mfupi kwa miguu. Tafadhali ipitie kabla ya kwenda mnarani.