Kompyuta inayozima katikati ya kufomati

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kompyuta ikisumbua dawa ni moja tu: fomati. Nami niliamini hivyo. Mwaka 2007 shangazi yangu, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, aliniita nimtazamie mashine yake ya mtumba. Nikaenda na CD ya Windows XP na kiburi changu. Kufomati kukafika asilimia 23, mashine ikazima. Nikawasha tena, ikafika 61, ikazima. Mara ya tatu, 40. Nikatangaza kwamba hadi diski imekufa, na shangazi akatoa pesa ya kodi kununua nyingine.

Kabla sijaeleza nilivyoumbuka, turudi nyuma kidogo, kwa sababu neno hili "kufomati" halijawa na maana moja siku zote.

Seagate walitoa ST-506 mwaka 1980, diski ya MB 5. Mwaka 1983 IBM PC XT ikaja na MB 10. Enzi hizo kufomati kulikuwa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchora njia na sekta zenyewe juu ya sahani tupu. Uliingia DEBUG ya DOS, ukaandika g=c800:5, ukaamsha programu iliyokaa ndani ya kadi ya kuendeshea diski. Juu ya diski palikuwa na karatasi iliyobandikwa kiwandani yenye orodha ya sehemu mbovu, nawe ukaziingiza moja moja kwa mkono! Tena chuma hutanuka kwa joto, na vichwa vya diski nyingi za wakati huo vilisogezwa kwa hatua za kukadiria tu. Diski iliyofomatiwa ikiwa baridi ingeweza kukosea njia ikishapata moto, kwa hiyo fundi mjanja aliiacha izunguke kwanza.

IDE ilipoingia, kuanzia 1986 hivi, ubongo wa kuendesha diski ulihamia ndani ya diski yenyewe. Kuchora sekta kukawa kazi ya kiwanda. Sisi tukabakiwa na kazi ya pili: kuandika majedwali ya faili na kukagua kama kila sekta inasomeka.

Ukaguzi huo ndio unaoumbua mashine. Kwa saa nzima diski, waya wake, memori na pawa saplai havipumzi, na kitu dhaifu chochote hujitoa hapo. Sekta mbovu kwa kawaida hukwamisha kazi mahali pale pale kila mara. Ukipata 23, halafu 61, halafu 40, tafuta kwingine. Namba zilikuwa mbele ya macho yangu na sikuzisikiliza.

Diski mpya ilizima ikiwa asilimia 35. Shangazi akanitazama tu, hakusema neno. Ndipo nikafungua kasha vizuri na kuangalia mothabodi. Kapasita tano karibu na prosesa zilikuwa zimevimba vichwa, moja inavuja uchafu wa kahawia. Mashine nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilikufa hivyo. Maji ya ndani ya kapasita hizo yalichanganywa vibaya, yakala alumini na kuzaa gesi mpaka zikafura. Umeme wa prosesa ukayumba, mashine ikazima. Fundi wa redio wa mtaani alizibadilisha kwa bei ya chakula cha mchana, na diski mpya ikafomatiwa hadi mwisho bila kukohoa.

Ndipo shangazi akauliza, "Na daftari la chama liko wapi?" Sikuwa nimelinakili. Michango ya wanawake 20 ilikuwa kwenye ile diski niliyojaribu kuifomati mara tatu.

Kilichotuokoa ni historia ile ile. XP ikifomati kikamilifu husoma sekta tu, haizifuti. Vista, iliyotoka mwaka huo huo wa 2007, ndiyo iliyoanza kuandika sifuri juu ya kila kitu. Nikaunganisha diski ya zamani kama ya pili na kuendesha PhotoRec usiku kucha. Programu hiyo huzitambua faili kwa maumbile yake, haitegemei majina. Asubuhi nilikuwa na mamia ya faili zisizo na majina, na tukazifungua moja moja hadi saa tisa alasiri tulipolipata daftari.

Diski ya zamani haikuwa na ubovu wowote. Shangazi akabaki nayo, ile mpya akaniambia niichukue, nimrudishie pesa ya kodi kidogo kidogo. Nilimaliza kulipa baada ya miezi minne.