Nahodha wa Watumwa Aliyesamehewa

Wahenga walisema kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Katika mambo mengi ya dunia methali hii ni ya kweli, kwani aliyejiletea taabu kwa mikono yake mwenyewe hapati wa kumhurumia. Lakini imani ya Kikristo yafundisha kinyume chake, ya kuwa hata aliyejichoma mwenyewe huambiwa pole, tena mwiba wake hung'olewa. Neno hili ni jepesi kulisema kanisani, na ni zito kulisadiki mtu anapokuwa peke yake na kumbukumbu zake. Wako watu ambao huungama dhambi leo, na kesho wakaiungama dhambi ile ile, kana kwamba Mungu ni mzito wa kusikia. Wako na wengine ambao hupokea msamaha upesi, wakawasahau kabisa wale waliowadhulumu. Ni nani kati yao aliye katika njia iliyo sawa? Ili tulipime jambo hili, na tutazame habari za Mwingereza mmoja, John Newton, ambaye kosa lake latugusa sisi Waafrika kuliko watu wengine.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka saba. Baba yake alikuwa nahodha, naye kijana akaanza kusafiri baharini akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika manowari ya mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata alihamia katika merikebu ya biashara, kisha akabaki pwani ya Afrika Magharibi, katika visiwa vya Plantain karibu na Sierra Leone, akimtumikia Mzungu mmoja mfanya biashara ya watumwa. Huko aliugua homa, akanyimwa chakula, akadharauliwa na kila mtu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba watumwa waliofungwa minyororo walimletea chakula kwa siri, wakimega katika posho yao ndogo. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1748 alipata nafasi ya kurejea kwao katika merikebu iliyoitwa Greyhound. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi, katika bahari ya Atlantiki, dhoruba kali ikaipiga merikebu hiyo, ikavunja mbao za ubavuni, na maji yakaingia kwa wingi. Newton alivuta maji kwa bomba hata nguvu zikamwishia, kisha akaushika usukani kwa saa nyingi. Katika hofu ile, yeye aliyekuwa akilikufuru jina la Mungu hata mabaharia wenzake wakachukizwa, alijikuta akiomba rehema. Merikebu ikaokoka, ikafika Ireland ikiwa imechakaa. Tangu mwaka ule, kila tarehe 21 Machi ilipofika, aliikumbuka kwa sala na shukrani mpaka uzeeni.

Kama hadithi ingekoma hapa, ingekuwa hadithi tamu ya kusomea watoto. Lakini historia haituruhusu kukoma. Mtu huyu aliyeomba rehema akairudia biashara ya watumwa. Kwanza alikuwa msaidizi wa nahodha, kisha, kati ya mwaka 1750 na 1754, akafanya safari tatu akiwa nahodha mwenyewe. Siku ya Jumapili aliwasomea mabaharia sala juu ya sitaha, na chini ya sitaha hiyo wanaume, wanawake na watoto wamelazwa katika pingu. Katika daftari lake aliyaandika mauti ya watumwa kwa nambari, si kwa majina. Alipowashuku watumwa kwamba wanataka kuasi, aliwabana vijana kwa chombo cha chuma cha kubana vidole gumba, ili waseme. Wala hakuiacha kazi hiyo kwa sababu dhamiri ilimchoma, bali aliiacha kwa sababu ya ugonjwa uliomwangusha ghafula mwaka 1754.

Baada ya hayo alifanya kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, akajifunza lugha za Biblia, na mwaka 1764 akawekwa kuwa kasisi katika mji mdogo wa Olney. Hapo alifanya urafiki na mshairi mmoja, William Cowper, na wawili hao wakatunga tenzi za kanisa zilizochapishwa pamoja mwaka 1779. Mmojawapo ni ule ujulikanao kama "Amazing Grace", ambao Newton aliutunga kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773, nao sasa huimbwa duniani pote.

Tuwatazame sasa marafiki hawa wawili. Cowper hakumiliki mtumwa, wala hakushika mjeledi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda bustani na wanyama wadogo. Lakini mapema mwaka ule ule wa 1773 alishikwa na huzuni kuu, akasadiki kwamba Mungu amemkataa milele, na tangu hapo hakuingia tena kanisani kuabudu. Newton alimchukua nyumbani kwake akamtunza kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Cowper aliishi hata mwaka 1800, na hofu ile haikumwacha. Leo twajua kwamba huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, wala si ushahidi wa imani haba. Hata hivyo jambo hili lashangaza: mtu mpole alijiona amehukumiwa, na nahodha wa watumwa alijiona amesamehewa. Hapa twajifunza neno la kwanza, kwamba uzito wa hatia moyoni si mizani ya ukubwa wa kosa. Moyo waweza kumlaumu mtu kuliko Mungu amlaumuvyo, na moyo waweza kunyamaza mahali ulipopasa kupiga kelele. Kwa hiyo Mkristo hawezi kuutegemea moyo wake peke yake umwambie kama amesamehewa au la. Ameagizwa ategemee neno la ahadi, lisilopanda wala kushuka pamoja na hali ya nafsi yake.

Neno la pili ni gumu zaidi. Je, amani ya Newton haikuwa amani ya bei rahisi? Kwa miaka mingi alisimama mimbarani akihubiri neema, nao wale aliowauza walikuwa wangali wakikata miwa katika mashamba ya ng'ambo. Ni haki kwa Mwafrika kuuliza: ni nani aliyempa ruhusa ya kuwasahau? Jawabu la imani ni hili. Mungu aweza kumfutia mtu hukumu ya dhambi yake, lakini hamfutii jirani aliyedhulumiwa. Zakayo mtoza ushuru alipoingiwa na wokovu, hakuishia kufurahi tu, bali aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Msamaha uliopokewa vizuri humfungulia mtu mikono ili aanze kulipa. Anayeendelea kujipiga kifua kila siku hana nafasi ya kumtazama aliyemwumiza, maana macho yake yote yako juu ya nafsi yake.

Newton alichelewa kulifahamu jambo hili, lakini alilifahamu. Mwaka 1785 kijana mmoja mjumbe wa Bunge, William Wilberforce, alimwendea kwa siri kutaka shauri, akiwa karibu kuyaacha mambo ya siasa kwa ajili ya dini. Newton alimshauri abaki Bungeni, amtumikie Mungu huko huko. Mwaka 1788, yaani miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapisha kijitabu juu ya biashara ya watumwa. Humo alikiri waziwazi sehemu yake katika biashara hiyo, akasema kwamba kuikumbuka kutamtia aibu siku zote. Akaeleza jinsi watu walivyopangwa melini ubavu kwa ubavu kama vitabu rafuni. Kisha akatoa ushahidi mbele ya wakuu wa serikali na mbele ya kamati ya Bunge. Maadui wa Wilberforce hawakuweza kumwambia mzee huyu kwamba hajui asemalo. Sheria ya kukomesha biashara hiyo katika milki ya Uingereza ilipita mwaka 1807, na Newton akafa mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Mambo haya yalifika hata pwani yetu. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama kidogo cha London ambacho wanachama wake waliunda Church Missionary Society mwaka 1799. Chama hicho kilimtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1875 kikaanzisha makao ya watumwa waliofunguliwa huko Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele yao imelipa jina lake mtaa wa Kengeleni hata leo.

Basi, tukirudi kwenye swali letu, twaona kwamba wote wawili wamekosea njia: anayekataa kusamehewa, na anayesamehewa akasahau. Yuda alijuta, na majuto yakamwangamiza. Petro naye alijuta, akalia, lakini alikubali kupokewa tena, na kazi aliyopewa ilikuwa ni kuwalisha wengine. Kuitua hatia si kuifuta kumbukumbu. Maji yakimwagika hayazoleki, wala watu waliokufa katika merikebu za Newton hawakurudi kwao. Wale watumwa waliomlisha kwa siri visiwani hawakupata malipo yao, wala majina yao hatuyajui. Lakini waliolipa kwa ajili yao, ingawa kwa kuchelewa, ni watu waliokubali kwamba wamesamehewa, na kwa sababu hiyo hawakuogopa tena kuyataja waliyoyatenda.