Nabongo Mumia: Mwenyeji wa Misafara, Mtawala wa Nchi za Wenzake

Kabla ya reli, msafara uliotoka Mombasa kwenda Buganda kwa njia ya Umasai ulipata kituo muhimu cha kutuliza mizigo na kununua chakula cha kutosha: Kwa Sundu, karibu na mji unaoitwa leo Mumias. Wapagazi walikiita hivyo kwa jina la mtawala wake, Nabongo Shiundu wa Wanga. Mbele yake kulikuwa na mto Sio, vilima vya Samia vyenye wahunzi mashuhuri wa majembe, kisha Busoga. Watu wa Samia yote, kwa hiyo, waliishi jirani na kiti hicho cha Wanga muda mrefu kabla Mwingereza hajachora mpaka kati yao.

Shiundu alifariki mwaka 1882, na mwanawe Mumia akavishwa bangili ya shaba, alama ya utawala wa ukoo wa Abashitsetse. Alirithi nchi ndogo iliyobanwa na vita. Majirani zake Waluo wa Ugenya walikuwa wamewasukuma Wanga nyuma, na Wabukusu hawakumtambua kama bwana wao. Alichokuwa nacho zaidi ya wenzake ni njia iliyopita mlangoni pake. Tangu enzi za baba yake, wafanyabiashara Waswahili walikuja kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia. Walileta nguo, shanga na bunduki, na baadaye Uislamu ukatia mizizi Mumias hadi leo.

Desemba 1883 alifika msafiri Joseph Thomson, akapita nchi ya Samia hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kisha akageuka bila kuthubutu kukanyaga Buganda. Askofu James Hannington hakugeuka. Oktoba 1885 aliacha Kwa Sundu sehemu kubwa ya msafara wake chini ya padri William Jones, Mwafrika aliyekuwa ameokolewa utumwani, akatangulia na wapagazi wachache. Aliuawa Busoga tarehe 29 mwezi huohuo kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Jones alingoja Wanga mpaka habari za kifo zilipomfikia, ndipo akaanza safari ndefu ya kurudi pwani. Mifupa ya askofu ilihifadhiwa huko kwa Mumia hadi ilipochukuliwa kuzikwa upya Namirembe, Buganda, mwishoni mwa 1892. Kumhifadhi mgeni hata baada ya kufa ni jambo kubwa, na kwangu linasema mengi zaidi kuhusu Mumia kuliko vyeo vyote alivyopewa baadaye.

Vyeo hivyo vilitoka kwa Waingereza. Kufikia 1895 walikuwa wameweka kituo chao Mumias, na afisa wao C. W. Hobley akaanza kutawala kutokea hapo. Mwaka huohuo Wabukusu walishambuliwa katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Askari wa Kisudani, Waganda na Wamasai walikuwa katika jeshi hilo, na watu wa Mumia wakawa upande wa wenye bunduki. Wazee wa Padhola na Bugwere, mashariki mwa Uganda, wataitambua mbinu hii ya kuwatumia Waafrika kuwatiisha wenzao: magharibi ya mpaka wa leo, Waingereza walimwachia Semei Kakungulu na maajenti wake Waganda kazi kama hiyo.

Wanga ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda hadi 1902, jimbo hilo lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Uamuzi huo uliwagawa Wasamia. Ndugu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja na makaburi ya pamoja, wakajikuta raia wa serikali mbili, na mashemeji wakawa wageni ng'ambo ya mto.

Mwaka 1909 Mumia alitangazwa chifu mkuu wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini, akapata mamlaka juu ya watu ambao babu zake hawakuwahi kuwatawala. Ndugu zake walitumwa kuongoza kwingine: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Kodi na kazi za lazima zilidaiwa kwa mikono yao, na chuki ikakua. Siwezi kuwalaumu waliowakataa. Mtu alitozwa kodi ya kibanda na chifu asiye wa ukoo wake, kisha akaambiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kale, naye alijua si kweli.

Lakini Mumia mwenyewe alikuwa akipungukiwa nguvu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, misafara ikakoma, na mji uliolishwa na njia ukabaki kando. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamia Kakamega. Mwaka 1926 Waingereza walimstaafisha, mzee wa zaidi ya miaka 70, na katika miaka ya 1930 Wabukusu na Wamarama waliendelea kudai machifu wa kwao wenyewe. Alifariki Aprili 1949. Shitawa, mwanawe, alirithi bangili na heshima ya Wanga, lakini ule uchifu mkuu haukuwapo tena.